Dona nayo ni wanga

Kupunguza wanga ni kupanga mlo ili jumla ya kabohaidreti za siku ishuke, na glukosi inayoingia kwenye damu baada ya kula iwe kiasi ambacho mwili unakimudu. Kwa kawaida mlo huitwa wa wanga kidogo jumla hiyo ikiwa chini ya gramu 130 kwa siku. Ule mkali wa kiketo hukaa kati ya gramu 20 na 50. Maana ni hiyo tu. Kinachowapoteza watu ni neno lenyewe, wanga. Kila siku utamsikia mgonjwa wa kisukari akisema, "Mimi sukari nimeshaacha, nakula dona tu." Anasema kwa moyo safi, na mashine ya kupimia sukari ya damu inasoma 14 (milimoli kwa lita).

Kabla halijaingia kwenye vitabu vya sayansi ya chakula, neno hili lilitaja kitu cha kushika mkononi. Unamenya muhogo, unaukuna, unautia maji, unaukamua kwa kitambaa safi, kisha unaacha yale maji yatulie. Baada ya saa chache ukimwaga maji ya juu, chini kumebaki tope jeupe, zito, limeshikamana na sufuria. Likianikwa linakuwa unga laini unaolia kama unga wa chaki ukiufikicha kati ya vidole. Huo ndio wanga. Ukipikwa uji mwepesi, ulitiwa kwenye kanzu na mashati ya shule yakakamae kabla ya kupigwa pasi. (Wanga kwa maana ya wachawi, wingi wa mwanga, ni neno jingine kabisa.)

Baadaye likahitajika neno moja la kabohaidreti zote, na wanga ukabebeshwa mzigo huo. Lakini kabohaidreti ni ukoo. Ndani yake mna wanga huo wa kwenye muhogo na mahindi, mna sukari za namna kadhaa, ya miwa, ya matunda, ya maziwa, na mna nyuzinyuzi ambazo utumbo wetu hauwezi kuzigeuza glukosi. Ukoo mzima ukaitwa kwa jina la mtoto mmoja. Ndiyo maana mtu anasema juisi ya embe haina wanga, na kwa maana ya zamani anakaribia ukweli, ila kwa maana ya mlo wa kisukari amekosea, kwa kuwa juisi ile ni kabohaidreti tupu ndani ya maji.

Neno sukari nalo lina makosa yake. Tumelitoa kwa Waarabu, na ukilifuata nyuma kupitia Uajemi unafika kwenye Kisanskriti, ambako asili yake ni changarawe, kitu cha punjepunje. Tangu mwanzo linataja kitu kinachoonekana na kuchoteka kwa kijiko. Sisi tumelipa kazi ya pili, ya kutaja glukosi iliyo kwenye damu. Daktari akisema "sukari yako iko juu", mgonjwa anaona bakuli la mezani, na jina kisukari linamkazia picha hiyo hiyo. Anarudi nyumbani anakunywa chai chungu pamoja na chapati mbili.

Wanga ni glukosi zilizoshikana mkono kwa mkono, mamia kwa maelfu, katika mnyororo mmoja. Ulimi hauonji utamu wake kwa sababu minyororo ni mirefu mno. Chukua kipande cha mkate mkavu, ukitafune dakika moja nzima bila kumeza: utaanza kusikia utamu. Mate yameshaanza kuikata. Kongosho na utumbo mdogo humaliza kazi hiyo, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi ile ile.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo jambo linapoonekana. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Vijiko viwili kwenye kikombe ni gramu 8. Sasa sahani ya ugali wa kushiba, tuseme gramu 400, imebeba unga wa takriban gramu 140, karibu kikombe kizima. Kila gramu 100 za dona zina kama gramu 70 za wanga unaogeuka glukosi. Sahani hiyo basi ina karibu gramu 100, sawa na vijiko 25. Aliyeacha viwili vya kwenye chai amefanya jema, lakini 25 bado viko kwenye sahani.

"Lakini ni dona, si sembe." Dona ni bora, sibishi: ina pumba na kiini, ina nyuzinyuzi zaidi na vitamini zaidi. Ila sembe ina kama gramu 75 pale dona ilipo na 70. Tofauti ni gramu 5 katika 100, na unga ukishasagwa laini, mwendo wake tumboni haupungui sana. Ulezi, mtama na uwele wako jirani hapo hapo. Uji wa lishe hupandisha upesi zaidi, maana umesagwa, umeiva sana na hautafunwi. Ugali uliopikwa, kwa hesabu ile ya sahani, una kama gramu 25 kwa kila 100; wali uliopikwa una kama 28, na muhogo unazidi hapo. Maharage yanahesabiwa pia, ingawa nyuzinyuzi zake zinayachelewesha. Mayai, samaki, dagaa, nyama, mchicha, matembele na bamia ndivyo vinavyoweza kujaza sahani bila kuipandisha mashine.

Kwa hiyo ugali ubaki kipande cha ukubwa wa ngumi, mboga za majani zichukue nusu ya sahani, na mboga na kitoweo vitangulie kuliwa, ugali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kilele cha glukosi. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi lengo ni kutopita 10. Vijiti viwili vya kupimia vilivyotumika hivyo vinafundisha kuliko orodha yoyote ya vyakula.

Jambo moja lisirukwe. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi akipunguza wanga ghafla bila dozi kupunguzwa, sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Chini ya 3.9 apewe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Anayetumia vidonge vya kisukari vya dapagliflozini au empagliflozini asiingie kwenye kiketo bila daktari, kwa kuwa ketoni, tindikali ambazo mwili huzitengeneza unapochoma mafuta, zinaweza kujaa na kuifanya damu kuwa na tindikali hata mashine ikionyesha namba isiyotisha. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini hata kama hajala wanga kabisa. Mjamzito na mwenye figo dhaifu waanzie kliniki.

Na neno lenyewe liwe kupunguza, si kuacha. Mtu akisema ameacha wanga huku anakula maharage na embe, hadanganyi. Amekusudia ugali na wali tu. Mwulize kwa upole amepunguza kutoka kiasi gani hadi kiasi gani. Na mzee akikwambia dona haina wanga, mwambie, "Shikamoo mzee, dona inao, ila umechanganyika na pumba," kisha pimeni pamoja saa mbili baada ya chakula cha mchana.