Je, wajua kwa nini mfugaji wa mbawakawa hushinda akipanda maharage?

Januari na Februari, kaskazi ikishaikausha Dar es Salaam, bilinganya na nyanya chungu za Kinyerezi, Bunju na Kigamboni huanza kuchakaa kabla ya wakati wake. Majani yanajaa vidoa vidogo vyeupe, yanageuka rangi ya shaba, na ukiyapindua unakuta utando mwembamba upande wa chini. Hao ni utitiri wekundu. Watu huwaita wadudu, lakini wana miguu minane na ni ukoo mmoja na buibui na kupe. Utitiri aliyekomaa ana urefu wa nusu milimita hivi. Katika joto la nyuzi 30 yai linaweza kufikia utu uzima ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, na jike ambalo halijapandwa hutaga vilevile, ila watakaotoka ni madume matupu. Vumbi la barabara za mitaa linawastawisha, mvua ya masika inawapunguza.

Dukani kwenye pembejeo mtu huambiwa, "Mama, hii inamaliza wote." Na mara nyingi inamaliza wote kweli, isipokuwa utitiri. Dawa nyingi za kuua wadudu, hasa za jamii ya pairethroidi, huua zaidi wale waliokuwa wakiwala utitiri kuliko utitiri wenyewe, kwa hiyo wiki mbili baadaye shamba lina utitiri wengi kuliko siku ya kupulizia. Hapo ndipo wazo la wadudu rafiki linapoingia, na ndipo kosa linapoanza.

Kosa lenyewe ni hili: mtu akisikia mbawakawa wanakula wadudu waharibifu, anamfikiria yule mwekundu au wa njano mwenye madoa meusi, mgongo wa duara, anayependwa na watoto. Anakusanya chupa nzima, anawamwaga kwenye bilinganya, anangoja. Hakuna kinachotokea. Yule wa madoa, kwa kawaida, ni mlaji wa vidukari, wale tunaowaita wadudu mafuta. Akikutana na utitiri anaweza kuonja, lakini hatazaliana kwa chakula hicho, na mdudu rafiki asiyezaliana shambani mwako ni mgeni tu. Huko Marekani mbawakawa wa aina ya Hippodamia convergens hukusanywa milimani kwa mamilioni wakiwa wamelala kipindi cha baridi, kisha huuzwa kwa mifuko. Tabia yao inajulikana vizuri: wakifunguliwa, wengi huruka na kuondoka ndani ya siku chache.

Sifa kubwa ya ukoo huu ilitokana na kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1888 Albert Koebele alianza kutuma California kutoka Australia mbawakawa wa aina ya Rodolia cardinalis, jumla yao mamia machache tu, na katika muda mfupi waliyaokoa mashamba ya machungwa. Lakini adui waliyeletwa kumla hakuwa utitiri. Alikuwa mdudu mwenye nta wa jamii ya vidung'ata, wale wanaofyonza utomvu wa mimea, na Rodolia ni mteuzi wa chakula kupita kiasi. Watu walibaki na picha ya mbawakawa na kuisahau orodha ya chakula chake.

Kuna ubaya zaidi. Baadhi ya mbawakawa wa madoa ni walaji wa majani. Jamii ya Epilachna na jirani zake hula maboga, matango na hizohizo bilinganya, na mabuu yao yana miiba mwili mzima. Wakulima wengine wana kanuni: anayeng'aa ni rafiki, aliyefifia na mwenye vinyweleo ni adui. Ni kanuni nzuri kwa wale wakubwa. Bahati mbaya, mlaji halisi wa utitiri naye ana vinyweleo.

Huyo ni wa jenasi ya Stethorus, yenye takriban spishi 90 duniani. Ni mweusi, hana doa hata moja, na urefu wake ni milimita moja hadi moja na nusu. Wengi wetu tumempangusa kwenye jani tukidhani ni uchafu. Spishi moja, Stethorus punctum, ilisaidia sana kudhibiti utitiri kwenye matufaha ya Pennsylvania, na mtu mzima wake hutajwa kula utitiri 75 hadi 100 kwa siku. Hesabu kama hizi zichukuliwe kwa tahadhari: aliyefungiwa na sahani iliyojaa hula kuliko anayetafuta riziki jani kwa jani. Buu lake lina adabu za mezani za ajabu. Hutoboa windo, hufyonza utomvu wake, huurudisha ndani ya windo, kisha huufyonza tena.

Sasa, kwa nini asifugwe kwa wingi? Mfugaji wa kuku hununua mfuko wa chakula dukani. Mfugaji wa Stethorus hana mfuko wa kununua: chakula cha mbawakawa wake kiko hai, nacho kinahitaji kulishwa. Utitiri lazima wafugwe, na utitiri hula majani mabichi, kwa hiyo kazi inaanza na maharage. Chukua mbawakawa 1,000 na umkadirie kila mmoja utitiri 50 kwa siku. Ni utitiri 50,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Maharage yenye umri wa wiki mbili hivi hupakwa utitiri, hungojewa wajae, kisha hupelekwa kwa mbawakawa, huku mengine yakiota nyuma yake. Ukichelewa kupanda wiki hii, njaa itaonekana baadaye, na hutaweza kuirekebisha siku ile unapoiona.

Njaa nayo haiishii kwenye kukonda. Jike la Stethorus hutaga vizuri pale tu utitiri walipo wengi. Wakipungua, mayai hupungua kwanza, na mabuu yenye njaa huwala wenzao. Chavua au asali inaweza kumweka hai, ila kumweka hai na kumfanya azae ni mambo mawili.

Vyumba navyo hutenganishwa: maharage safi, utitiri, mbawakawa. Mhudumu huanza kwenye maharage na kumalizia kwa mbawakawa, na siku hiyo harudi nyuma na nguo zilezile. Utitiri wachache wakiingia kwenye maharage safi, miche inachakaa kabla ya zamu yake. Mbawakawa mmoja akipenya chumba cha utitiri, ghala la chakula linaanza kuliwa kabla halijajaa. Adui anayeogopwa kuliko wote ni utitiri mla-utitiri, kwani haonekani kirahisi na anaweza kumaliza chumba kizima.

Kinachochekesha ni kwamba huyohuyo mharibifu wa chumba ndiye anayeuzwa zaidi duniani kwa kazi hii. Phytoseiulus persimilis naye hulishwa utitiri waliokuzwa kwenye maharage, lakini ni mdogo zaidi na kizazi chake hukamilika kwa takriban wiki moja, wakati Stethorus huchukua wiki mbili hadi tatu. Kwenye mihogo ya Afrika kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Typhlodromalus aripo, utitiri mla-utitiri kutoka Brazili, alifunguliwa Benin mwaka 1993 dhidi ya utitiri wa kijani, akajisambaza mwenyewe. Hukaa kwenye ncha changa ya mhogo, na utitiri wakiadimika hujikimu kwa chakula kingine, ikiwemo chavua.

Kuingiza viumbe wa aina hii nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa mwenye tuta la bilinganya Bunju, njia ya karibu ni kuwatunza waliopo. Shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligonge mara kadhaa. Utitiri watatambaa polepole. Ukiona kitu cheusi, cha mviringo, kisichofika milimita mbili, kinachokimbia kati yao, ahirisha dawa kwa siku kadhaa kisha uhesabu upya kwenye majani yaleyale. Usipokiona na utando umeshafunika majani machanga, kata yaliyozidiwa uyatoe shambani, mwagia maji kwa nguvu upande wa chini, na ukilazimika kununua dawa, uliza dukani ile ya utitiri peke yake.