Je, Somo la Msituni ni Matembezi Tu?

Wazazi wengi jijini Nairobi wameamini kwa muda mrefu kwamba mwanafunzi anayepelekwa Msitu wa Karura hupoteza siku ya masomo, huku mwalimu akipumzika. Wasiwasi huo unaeleweka, kwani karo ni kubwa na mitihani haisubiri. Hata hivyo, kazi ya mwalimu huko huwa nzito zaidi, kwa kuwa ndiye anayechagua cha kutazamwa, anayeuliza maswali na kuwaacha watoto watafute majibu. Tunda la mkuyu likipasuliwa, huweza kuonekana ndani yake nyigu wadogo mno, nao ndio wanaochavusha maua yaliyofichika humo. Jambo hilo, kwa maoni yangu, halifundishiki vyema ubaoni. Mzazi anayetaka kuhakikisha na akague daftari jioni hiyo, kisha amwombe mtoto aeleze alichokiona na sababu zake. Mtoto akikosa la kueleza, mzazi ana haki ya kumuuliza mwalimu somo lilipangwaje.