Secure Boot ni nini, na nini kinatokea ukiizima

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, Windows siyo inayoamka kwanza. Inatangulia programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya ubao mama. Mafundi wengi bado wanaiita bayosi, ingawa kwenye mashine za sasa ni UEFI. Inakagua memori, diski na kibodi, kisha inatafuta faili la kuanzisha mfumo endeshi na kulikabidhi kazi. Secure Boot ni ukaguzi unaofanyika kwenye makabidhiano hayo.

Ndani ya UEFI kuna orodha mbili: ya vyeti vinavyoaminika, na ya vitu vilivyopigwa marufuku. Kabla ya faili la kuanzisha kuruhusiwa, saini yake ya kidijitali inapimwa kwa orodha zote mbili. Saini ikikosekana, au faili likiwa limeguswa hata baiti moja, kompyuta inagoma kuendelea.

Ukaguzi huu una sababu nzito. Kirusi kinachoamka kabla ya Windows kinaweza kujificha machoni pa antivairasi, maana chenyewe ndicho kilichofika kwanza. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ilifichua LoJax, iliyojiandika ndani ya chipu ya UEFI yenyewe. Hapo hata upige Windows upya au ubadilishe diski, kirusi kipo palepale. Kwa maelezo ya ESET, Secure Boot ingeweza kukizuia kwa sababu hakikuwa na saini halali. Lakini si ngao kamili: mwaka 2023 ESET ilichambua kirusi kingine, BlackLotus, kilichopenya kwa kutumia faili la zamani la Windows lenye udhaifu, ambalo saini yake ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Ndiyo maana sasisho za orodha ya marufuku si za kuahirisha.

Tofautisha pia Secure Boot na nenosiri. Haimzuii mwizi kuchomoa diski yako na kusoma mafaili. Kazi hiyo ni ya BitLocker, programu ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. BitLocker mara nyingi huhifadhi ufunguo wake kwenye TPM, chipu ya kutunza funguo za siri, na chipu hiyo huangalia kama hali ya Secure Boot ni ileile. Ukiizima, ukiwasha mashine unakutana na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Laptop nyingi hufunga diski zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kutambua. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye akaunti hiyo, tafuta ufunguo, uuandike kwenye karatasi, kisha simamisha BitLocker kwa muda. Fundi asiyekuuliza habari ya ufunguo huo kabla ya kuingia bayosi, mzuie kwanza.

Kujua kama imewashwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa Secure Boot State. Kubadilisha, washa mashine huku ukigonga F2, F10, Delete au Esc, kutegemea kampuni, kisha utafute kwenye ukurasa wa Boot au Security. Kwenye baadhi ya mashine za Acer chaguo hilo limefifia hadi uweke kwanza Supervisor Password.

Wengi huizima ili kuweka Linux, na mara nyingi hakuna haja. Matoleo ya Linux kama Ubuntu na Fedora huanza kwa faili dogo lililosainiwa na Microsoft, hivyo kwa kawaida hupita bila tatizo. Kinachosumbua ni draiva (programu za kuendesha vifaa) zisizokuja na mfumo wenyewe, hasa za kadi za picha za Nvidia. Ubuntu hukuomba utunge nenosiri, na ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu yenye maneno Enroll MOK, yaani sajili ufunguo wa mwenye mashine. Ichague, weka nenosiri lile, na draiva itakubaliwa. Ukiipita skrini hiyo, draiva haitapakiwa.

Ukiwa unaiwasha na si kuizima, angalia kwanza BIOS Mode kwenye msinfo32 hiyohiyo. Ikiandika Legacy, yaani mtindo wa zamani wa kuwasha, usibadilishe bado: diski yenye mpangilio wa zamani wa MBR lazima igeuzwe kuwa mpangilio mpya wa GPT kwa zana ya Windows iitwayo mbr2gpt, la sivyo Windows haitawaka.