Boycott: Asili ya Neno na Namna ya Kulitumia

Neno boycott la Kiingereza, ambalo kwa Kiswahili tunalieleza kwa kitenzi kususia, husikika karibu kila panapozuka mvutano wa hadharani, iwe ni chama kilichokataa kushiriki uchaguzi, wajumbe waliokataa kuingia kikaoni au wanunuzi walioacha bidhaa fulani. Maana yake ni kukataa, kwa pamoja na kwa uwazi, kushirikiana na mtu, taasisi au nchi, ili kuishinikiza ibadili mwenendo unaolalamikiwa.

Asili yake ni jina la mtu. Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne karibu na ziwa Lough Mask, katika jimbo la Mayo nchini Ireland. Mwaka 1880, baada ya misimu ya mavuno mabaya, wakulima waliokodi mashamba hayo waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25, lakini mwenye ardhi akakubali asilimia 10 tu, na Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwaondoa. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 19 Septemba, mwanasiasa Charles Stewart Parnell alikuwa amehutubia umati mjini Ennis akiuliza afanywe nini mtu anayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa. Sauti zikajibu kwamba apigwe risasi. Parnell akasema iko njia iliyo bora zaidi, nayo ni kumtenga: asisemeshwe barabarani, dukani, sokoni wala kanisani.

Watu wa Mayo walimtendea Boycott vivyo hivyo. Watumishi waliondoka, mfua chuma akakataa kuwavika farasi wake viatu vya chuma, mfuaji nguo akaacha kazi, na wenye maduka wa mji jirani wa Ballinrobe hawakumuuzia kitu. Viazi vilipokuwa vinaelekea kuozea ardhini, waliletwa wafanyakazi wa kujitolea 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na askari wapatao 1,000, kuvuna mazao yaliyokadiriwa kuwa na thamani ya pauni 500 kwa gharama iliyokadiriwa kufikia pauni 10,000. Kabla mwaka haujaisha, Boycott alikuwa ameihama Ireland.

Kwa mujibu wa mwandishi wa habari Mmarekani James Redpath, jina la kitendo hicho lilitoka kwa Padri John O'Malley. Redpath alikuwa akitafuta neno ambalo wakulima wangelielewa kwa urahisi. Padri akainamisha kichwa, akafikiri, kisha akapendekeza jina la msimamizi mwenyewe. Muda si mrefu magazeti ya London yalikuwa yakilitumia, na Wafaransa na Wajerumani wakalichukua katika lugha zao.

Kiswahili hakikulazimika kulikopa, kwa kuwa tayari tulikuwa na susa, yaani kukataa kitu, hata chakula kilichokwisha kutengwa, kwa sababu ya kuudhika. Hata hivyo, kususa kunaweza kuwa kwa mtu mmoja aliyenuna bila kusema lolote, ilhali kususia kwa maana ya kisiasa kunahitaji watu wengi na dai linalojulikana. Tofauti hiyo ilionekana London tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere alipokuwa miongoni mwa waliozungumza katika mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, kampeni ambayo baadaye ilizaa vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi nchini Uingereza. Ilionekana tena mwaka 1976, Tanzania ilipoungana na nchi nyingine nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. Gharama hiyo ya anayesusia ni sehemu ya maana ya neno, nasi hatuna budi kuitambua tunapolitumia.

Waandishi wengi hulichanganya neno hili na mgomo, vikwazo na marufuku. Mfanyakazi anayeacha kazi aliyoajiriwa kuifanya amegoma. Serikali inayozuia bidhaa kuingia nchini imepiga marufuku au imeweka vikwazo, na mfanyabiashara anayetii amri hiyo hajasusia chochote, kwa sababu hakupewa nafasi ya kuchagua. Mjumbe aliyekosa kikao kwa ugonjwa hakukisusia. Mwenzake aliyetangaza kwamba hatahudhuria mpaka ajenda irekebishwe, huyo amekisusia.