Ruaha Mkuu hukaukia kwenye banio

Kila kiangazi, picha za viboko waliobanana kwenye dimbwi la tope ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha zikianza kusambaa, naulizwa swali lilelile: hivi serikali iko wapi? Ipo tele. Mto Ruaha Mkuu una wenyewe wengi kuliko shamba la urithi.

Misitu ya hifadhi milimani, mito inakochimbuka, iko mikononi mwa TFS, wakala wa misitu. Hifadhi ya Kitulo ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na tangu 2008 hata Ihefu, lile tindiga kubwa la Usangu, iko ndani ya mipaka ya hifadhi ya Ruaha. Skimu za umwagiliaji zina Tume yake, maji ya bomba vijijini ni ya wakala wa RUWASA tangu 2019, mazingira yana baraza lake, NEMC, na huko chini, kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, wanasubiri TANESCO. Juu ya hao wote, maji yenyewe husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, moja kati ya bodi tisa nchini. Kwa sheria ya 2009, huruhusiwi kuchepusha mto bila kibali cha Bodi. Sheria hiyohiyo inataka watu wapate kwanza maji ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo wengine wafuate.

Sasa twende Mbarali, wilaya ya mpunga huko Usangu, kwenye banio: kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mferejini.

Banio la kienyeji ni mawe, miti, majani na magunia ya mchanga. Linavuja. Mafuriko yakija linabebwa, wakulima wanakutana kulijenga upya. Kuanzia miaka ya 1980 miradi mingi ililiona hilo kuwa upotevu, ikajenga mabanio ya zege yenye mageti ya chuma unayopandisha kwa kuzungusha usukani. Wakati wa masika banio hilo ni zuri kweli, halibomoki. Shida ni kiangazi: ukuta wa zege hauvuji. Yale maji yaliyokuwa yakipenya kati ya mawe na kumfikia jirani wa chini sasa yanageuzwa yote mferejini, na mtaalamu anaandika kwenye ripoti kuwa ufanisi umepanda!

Hapo ndipo kibali kinapoishiwa nguvu. Tuseme kinaruhusu lita 500 kwa sekunde, na mwezi wa Oktoba mto unaleta 300. Geti likiachwa wazi lote, mto umekwisha na kwenye karatasi kiwango hakijavukwa. Kwa hiyo nisikiapo mtu akidai dawa ni kuongeza vibali na faini, huwa namuuliza kwanza kama amewahi kusimama kwenye banio mwezi huo.

Lakini kwa nini geti liwe wazi kiangazi, wakati mpunga umeshavunwa? Wapo wanaowahi kuotesha vitalu vya miche ili wauze mapema, bei ikiwa bado nzuri. Wengi zaidi, mfereji ndio bomba lao. Wanachota humo, wanafulia, wananyweshea ng'ombe. Ndoo chache za maji zinalazimisha mto mzima upite kilomita kadhaa kwenye udongo, ukinywewa na jua na magugu njiani. Kukiwa na kisima kirefu na vituo vya kuchotea kijijini, jumuiya ya watumia maji inaweza kukubaliana kufunga geti hadi mvua zikaribie. Bila kisima, anayelifunga anawakatia majirani zake maji ya kunywa, na usiku litafunguliwa tu. Mimi ningelifungua.

Ruaha Mkuu ulianza kukatika ndani ya hifadhi mwaka 1993. Kabla ya hapo ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao walianza kuondolewa Ihefu kwa operesheni kubwa. Waliondoka, mto ukaendelea kukauka, kwa sababu maji yalikuwa yanaishia juu kabla hayajaifikia Ihefu.

Kwa maoni yangu, kisima cha RUWASA kijiji cha juu kinaweza kuokoa mto kuliko doria nyingi. Tatizo ni hesabu za ofisi. Kisima hutoka kwenye fungu la RUWASA na hupimwa kwa idadi ya watu waliopata huduma. Mto uliobaki na maji huonekana kwenye vipimo vya Bodi na kwa watalii wa TANAPA. Bodi na RUWASA wako wizara moja. Wangeanza wao, kwa kupanga visima vya Usangu wakiwa na ramani ya mabanio mezani.