Je, Wajua kwa Nini Gitaa la Besi Jipya Huuzwa Likiwa Limechubuka?

Fungua kasha la gitaa la besi la aina hii kwa mara ya kwanza, utadhani umeuziwa la mtumba. Pale mkono wa kulia unapoegemea, rangi imekwisha hadi mbao inaonekana. Mgongoni kuna mikwaruzo ya bizimu ya mkanda. Skrubu zimeshika kutu, na bamba jeupe la plastiki limekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini risiti inasema limetoka kiwandani juzijuzi, na bei yake inazidi ya pacha wake anayeng'aa kama kioo. Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa bendi: mtu mwenye akili zake analipaje zaidi apate kitu kilichochakaa?

Jibu linaanzia kwenye vanishi.

Mwaka 1951, huko Fullerton, California, Leo Fender alitoa gitaa la besi lililoitwa Precision, yaani usahihi. Kabla ya hapo besi ilikuwa dubwana la mbao linalosimamishwa wima, halina freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), na sauti yake ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Hili jipya lilivaliwa begani, likachomekwa kwenye amplifaya, na freti zake zilimwekea mpigaji kila noti mahali pake sawasawa. Ndiyo maana likapewa jina hilo. Mwaka 1960 likafuata Jazz Bass, lenye shingo nyembamba zaidi upande wa kichwani. Maumbo hayo mawili yanaigwa mpaka leo. Besi utakayoiona kwenye dansi Dar es Salaam au kwenye kwaya ya kanisa Kisumu, mara nyingi ni mjukuu wa moja kati ya hayo.

Magitaa yale ya mwanzo yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ileile iliyokuwa ikipakwa magari. Hata rangi zenyewe zilikuwa za magari: nyekundu ya Fiesta Red ilitoka kwa Ford Thunderbird, na buluu ya Lake Placid Blue ilitoka kwa Cadillac. Vanishi hii ni nyembamba, na hukauka kwa kutoa hewa ya kiyeyusho chake. Hata ikishakauka haitulii. Huendelea kusinyaa miaka na miaka, hugeuka manjano kwa mwanga wa jua, na hulika polepole kila panaposuguliwa na ngozi yenye jasho. Gitaa jeupe linakuwa la rangi ya malai. La buluu linakuwa la kijani, kwa sababu umanjano wa vanishi ya juu umeifunika ile buluu. Na likitolewa kwenye baridi kali likaingizwa ghafla kwenye joto, mbao na vanishi hutanuka kwa viwango tofauti, vanishi ikapasuka mistari myembamba kama matope ya bwawa lililokauka.

Mwaka 1965 kampuni ya CBS iliinunua kampuni ya Fender, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 kiwanda kilihamia kwenye vanishi nzito ya poliesta. Hiyo ni ngumu kama ganda la plastiki. Haififii wala haisuguki. Ikigongwa hubanduka kipande, kama sahani ya udongo iliyopigwa ukingoni. Kwa hiyo uchakavu ule wa taratibu, wenye umbo la mkono wa mtu, ukawa alama ya magitaa ya zamani tu. Haya ni machache, na bei zake zilipanda mpaka mpiga besi wa kawaida akabaki kuyatazama kwenye picha.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Mwaka 1995 karakana maalumu ya Fender ilianza kuuza magitaa iliyoyaita Relic, na kazi ya kuyazeesha ilifanywa nje ya kiwanda na fundi Vince Cunetto. Mwaka 2009 yakaja ya bei nafuu zaidi yaliyotengenezwa Mexico, jina lake Road Worn, yakiwamo Precision ya mtindo wa miaka ya 1950 na Jazz Bass ya mtindo wa miaka ya 1960. Leo watengenezaji wengi, wakubwa kwa wadogo, wana kazi ya namna hiyo.

Kuzeesha gitaa si kuliburuza barabarani. Fundi mzuri huanza kwa kujiuliza mtu angelishikaje. Mkono unaegemea wapi? Kidole gumba kinatulia wapi? Bizimu inagusa wapi mgongoni? Hapo ndipo anapopitisha msasa, tena kwa hatua: kwanza vanishi ya juu, kisha rangi, mwisho mbao, ili kingo za kila tabaka zionekane kama pete za mti. Mbao iliyofunuliwa haiachwi nyeupe; hupakwa uchafu wa kutengeneza kwa kahawa, chai au rangi ya viatu, kwa sababu mbao iliyoshikwa miaka 40 hunywa jasho na kuwa nyeusi. Nyufa za vanishi hupatikana kwa kuipuliza baridi kali ya ghafla. Vyuma hufungiwa pamoja na mvuke wa asidi mpaka vipoteze mng'ao. Kazi hiyo ya asidi ifanyieni nje, penye hewa, na msiisogeze karibu na pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) wala waya. Na kama gitaa lako ni la poliesta, usihangaike na baridi: halitatoa nyufa hizo.

Je, kuchubuliwa kunabadilisha sauti? Kwa sikio langu, hapana, au kidogo mno hata ngoma ikianza hutaisikia. Kinachobadilika ni mguso. Shingo mpya yenye vanishi nzito hunata mkono unapotoa jasho, na sisi wa pwani tunalijua jasho. Shingo iliyosuguliwa mgongoni mpaka karibu na mbao huteleza kama mpini wa jembe la babu. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kulipa zaidi. Tena ni jambo unaloweza kulifanya mwenyewe: funga nyuzi na freti kwa utepe wa karatasi, chukua msasa laini kabisa, usugue mgongo wa shingo taratibu kwa urefu wake, ukipangusa kila mara kwa kitambaa kikavu. Usikwangue mpaka mbao tupu kama gitaa linakaa penye unyevunyevu, maana mbao isiyo na kinga hunywa maji na shingo hupinda.

Uzee unaosikika uko kwenye nyuzi. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alitumia Precision ya 1962 iliyofungwa nyuzi bapa, yaani zilizoviringishwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo. Hakupenda kuzibadilisha. Chini ya kifuniko cha daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, kulikuwa na sponji ya kuzima mvumo, na alidonoa kwa kidole cha shahada peke yake. Sauti ile nene, fupi, inayokaa chini ya ngoma kama msingi wa nyumba, ilitokana na hayo. Kwa hiyo ukitaka besi yako isikike ya zamani, anza na seti ya nyuzi bapa na kipande cha sponji karibu na daraja. Hata ukipiga rumba au taarabu utasikia tofauti siku hiyohiyo.

Baada ya nyuzi, nenda kwenye pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kisha badili vidhibiti vya sauti. Kwa besi za namna hii huwa vya kilo-omu 250. Mkebe wa toni, kapasita, huwa kati ya mikrofaradi 0.047 na 0.1, na ule mkubwa hukata makali zaidi. Bamba la mbele, vishikio na kifuniko cha chromi ni vya macho tu, vibadilishe upendavyo. Kabla ya yote hayo mpe fundi anyooshe shingo na kurekebisha urefu wa nyuzi kwenye daraja. Besi isiyowiana na freti zake haiokolewi na pikapu yoyote.

Ukinunua, kuwa macho. Gitaa lililozeeshwa ni halali likiuzwa kwa jina lake. Ni wizi likiuzwa kama la zamani. Rafiki yangu aliletewa Jazz Bass "ya mwaka 1966". Tulifungua bamba la vidhibiti na kusoma namba iliyopigwa kwenye kimojawapo: 1379412. Tarakimu 137 ni za mtengenezaji, kampuni ya CTS. 94 ni mwaka, na 12 ni wiki. Kidhibiti kinaweza kuwa kimebadilishwa, ndiyo, lakini solda ilikuwa haijawahi kuguswa. Tukazungusha skrubu moja yenye kutu: kichwa chekundu, lakini ndani ya tundu iling'aa kama ya dukani. Unyevu wa miaka hauchagui kichwa peke yake.

Besi ninayoipiga sasa nilinunua ikiwa imezeeshwa. Kiwanda kiliichubua pale juu, mahali mkono wa mtu wa makamo ungeegemea. Mimi ni mfupi na mkanda wangu huuweka juu. Baada ya miaka kadhaa ya harusi na mazoezi, vanishi imeanza kufifia pahali pengine kabisa, vidole viwili nyuma ya baka lile la kiwandani. Nikiiinua besi kwenye mwanga wa dirisha naona mabaka mawili: moja kubwa lenye kingo safi, na jingine dogo, la ukungu, linaloongezeka kila Jumamosi.