Mfupa wa kushikia implanti tunautoa wapi? Kidevuni, nyuma ya magego, nyongani au kwa ng'ombe

Mtu akishaambiwa "mfupa wako hautoshi kuweka implanti" (ile skrubu ya titaniamu inayopandwa tayani ishike jino la bandia) anahisi daktari anatafuta njia ya kuongeza bili. Jamani, mara nyingi sivyo. Mfupa unaoshika jino uko pale kwa ajili ya jino, ukiling'oa, mfupa unakosa kazi unaanza kuliwa na mwili wenyewe, na unaotangulia kwisha ni ule wa upande wa nje, wa mdomo na shavu, ambao kwenye meno ya mbele ya juu mara nyingi haufiki hata milimita 1 kwa unene. Ndani ya mwaka upana wa ukingo wa taya uliobaki unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa inapotea miezi 3 ya mwanzo tu. Sasa wewe uling'olewa ukiwa sekondari, leo una miaka arobaini unataka implanti ya milimita 4, kila upande nibakize angalau milimita moja na nusu ya mfupa, halafu naangalia picha ya CT naona ukingo una milimita 3. Hiyo titaniamu itakaa wapi?

Ndo tunaingia kwenye kupandikiza. Mfupa wako mwenyewe bado ni namba moja, sababu unakuja na seli hai pamoja na protini za kuziita seli zingine zije kujenga, na unga wa mfupa wa kwenye kichupa hauji na seli zako. Ila una gharama yake, lazima nifungue kidonda cha pili, na mgonjwa huwa analalamikia hicho cha pili kuliko kile cha kupandikizwa.

Kidevu kilipendwa sana zamani. Ukishusha ufizi chini ya meno ya mbele unakutana na mfupa mgumu wa nje na laini kidogo kwa ndani, kuufikia ni rahisi na unaona kila kitu. Sheria yake ni ya tano tano: kaa milimita 5 chini ya ncha za mizizi, milimita 5 mbele ya tundu ambalo neva ya mdomo wa chini inatokea, na ukingo wa chini wa kidevu uuachie milimita 5. Hata ukifuata yote hayo, kuna watu wanaondoka na ganzi kwenye meno ya mbele ya chini, wengine miezi kadhaa, wanauma kitu wanahisi meno si yao. Wengine wanaogopa tu kwamba sura itabadilika. Kwa hiyo mimi kidevu nakigusa pale tu ambapo sina namna nyingine.

Ninapopapenda ni nyuma ya magego ya chini, ule ukingo wa nje unaopanda kuelekea sikio. Kidonda kiko palepale pa kung'olea gego la mwisho, na kama gego lenyewe linatakiwa kutoka basi tunamaliza yote siku moja. Unapata kipande kigumu cha unene kama milimita 3 hadi 4 hivi, angalizo ni neva ya taya inayopita ndani humo, ndo maana bila CT siendi. Kipande chenyewe sikibandiki kizima. Daktari Khoury wa Ujerumani alieneza mtindo wa kukipasua katikati upate vibao viwili vyembamba, kimoja unakifunga kwa viskrubu vidogo kikae mbali kidogo na ukingo, na ule uwazi unaujaza mfupa uliokwangua. Makwanguo hayo yakichanganyika na damu ya mgonjwa yanashikana kama mchanga mbichi wa pwani, unayashindilia mdogo mdogo mpaka pajae. Unafunga ufizi bila kuuvuta kwa nguvu (ukiuvuta utaachia, mfupa uonekane, kazi yote iende na maji), unasubiri miezi kama 4 ndo unaweka implanti.

Nyonga ni ya kazi kubwa, mfano mtu aliyekatwa taya sababu ya uvimbe. Hapo ni nusu kaputi, kulazwa na kuchechemea siku kadhaa, na mfupa wake ni laini kwa hiyo unapungua haraka usipowahi kuupa implanti. Kwa jino moja? Usikubali.

Mfupa wa ng'ombe ni madini tu, nyama na mafuta vyote vimeondolewa kiwandani, hauna uhai ila unaliwa polepole mno, kwa hiyo unalinda umbo. Mimi nauchanganya na makwanguo ya mgonjwa. Kwenye taya la juu kwa nyuma, chini ya sainasi (ule uwazi wenye hewa juu ya magego), tunafungua kidirisha pembeni, tunanyanyua utando ambao mara nyingi haufiki milimita 1, tunajaza chini yake. Njia hii Boyne na James waliichapisha 1980 na msingi ni uleule mpaka leo. Ukitoka hapo wiki mbili usipenge kamasi kwa nguvu, na chafya ipige mdomo ukiwa wazi.

Na lile swali mnalouliza kwa sauti ya chini, kama humo kuna kitu cha nguruwe: ndiyo, utando mwingi tunaotumia kufunikia mfupa uliopandikizwa ni kolajeni (aina ya protini) ya nguruwe. Upo pia wa ng'ombe, na kwa Mhindu asiyetaka ng'ombe kuna madini ya kutengenezwa maabara. Asili yake imeandikwa kwenye boksi, uliza kabla ya siku ya upasuaji maana kuagiza kunachukua muda.

Mvuta sigara kibao cha mfupa simwekei mpaka aache. Anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa aseme mapema, kuna dawa humo zinazuia taya kupona.

Kama jino bado hujang'oa, muulize daktari wako habari ya kujaza unga wa mfupa kwenye shimo la jino siku hiyohiyo. Haizuii mfupa kupungua kabisa, inapunguza tu, ila mara nyingi ndo inakuokoa na kidonda cha pili.